Asali ya Kidato cha Pili

Pale Nainokanoka, ukitaka kumuuzia Sakaya mbuzi, ilikupasa uende ukiwa umeshiba na huna haraka. Atamtazama mbuzi meno, atamgeuza kwato, atamwachia atembee, kisha atamwacha mbuzi na kuanza kukukagua wewe. Umetoka wapi? Mbona unauza leo na siyo wiki iliyopita? Mbona ulikohoa ulipotaja bei? Wengi walichoka wakaondoka na mbuzi wao, na yeye akabaki anatikisa kichwa, ameridhika kabisa kwamba ameponea chupuchupu.

Mganga wa zahanati alipompa vidonge vya macho, kimoja alimpa mbuzi kwanza, akakaa kumtazama mpaka jua likageuka. Bwana mifugo alipokuja na chanjo, Sakaya alitaka kujua kama ng'ombe wa bwana mifugo mwenyewe wamechanjwa, na kama wamechanjwa, wako wapi akawaone. Watu walimcheka mpaka mbavu zikauma. Hata hivyo, mtu akitaka kununua dume la maana mnadani alimfuata Sakaya kimyakimya na kumwomba amsindikize.

Ukimuuliza shaka zote hizo kazipata wapi, alinyoosha fimbo kuelekea kreta, bonde ambamo serikali iliwaondoa yeye na wenzake mwaka wa sabini na nne. Mkewe, Naipanoi, alisema huo ni uongo, mzee alikuwa hivyo tangu ujanani. Alipokuja kumwoa alituma watu waulizie kama ana pacha, asije akabadilishiwa njiani.

Mtu mmoja tu Sakaya hakuwahi kumshuku, naye ni binti yake Naisula. Serikali ilipotaka kila boma litoe mtoto wa shule, mzee aliwapitia wanawe akaona wavulana wote wana kazi ya ng'ombe, akamtoa Naisula, mtoto mkimya asiye na habari na mtu. Alidhani walimu watachoka naye. Hawakuchoka. Mtoto akafaulu darasa la saba, akaitwa sekondari ya bweni kule Karatu, na Sakaya akamruhusu kwa sababu moja tu: Naisula alikuwa na wenyewe.

Kwa Wamasai wa nyanda zile binti anaweza kuposwa kabla hajaota meno. Tobiko, mtu wa rika moja na Sakaya na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alileta asali na tumbaku Naisula akiwa bado mgongoni kwa mama yake, akamwombea mwanawe Lembris. Sakaya akaipokea asali, akaila. Ukishaila asali ya namna ile umefunga mlango, mwingine akija unamwambia hapa pana mtu. Lembris alikuwa mtoto, baadaye akawa morani asiyeruhusiwa kuoa, kwa hiyo shule ikaonekana mahali pazuri pa kumtunzia mchumba wake. "Asome mpaka kijana aive," Tobiko alisema, na Sakaya akaona ni maneno ya mtu mzima.

Mwaka wa themanini na tatu kijana akawa ameiva. Naisula alikuwa kidato cha pili. Tobiko akaja akasema likizo ya Desemba binti akirudi nyumbani sherehe zianze, kidato cha tatu wakasome wengine. Sakaya akakubali. Naipanoi alikuwa anakamua ng'ombe hapo karibu na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa huo mwaka wenyewe ulikuwa wa mashaka nchi nzima, siyo kwa Sakaya peke yake. Ndio ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Madukani hakukuwa na sukari wala sabuni, na aliyekutwa navyo vingi alikuwa na maswali ya kujibu. Watu walizika sukari mashambani. Wengine waliona heri wavitupe vitambaa vipya korongoni kuliko kukutwa navyo ndani. Mgeni aliyebeba mfuko alitazamwa mfuko kabla ya uso.

Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mtu alipotokea ndani ya ukungu na mfuko begani, Sakaya alikuwa ameshasimama langoni mwa boma na fimbo yake. Mgeni alikuwa mtu mfupi mwenye koti lililomzidi, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Wairaki wa Mbulu.

"Shikamoo mzee. Naitwa mwalimu Clemensi. Nyumbani ni Buger, nafundisha biolojia shuleni kwa Naisula."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Asali kidogo, mzee. Na tumbaku."

"Na sukari?"

"Sukari! Nani ana sukari mwaka huu?"

Sakaya alimwambia aufungue mfuko. Akautazama ndani, akaunusa, akaingiza mkono mpaka chini kwenye pindo. Sukari haikuwemo. Akashusha pumzi. Watu wa Buger alijua wana mizinga yao, na mwaka ule kila mwenye chai na asali aliziweka pamoja. Pua yake yote ilikuwa kwenye sukari, asali ikampita chini ya pua hiyohiyo. Naipanoi akaichukua, akaitia kwenye chai, na Sakaya akanywa kikombe cha kwanza, akaomba cha pili.

Mwalimu alingoja mpaka mzee alipofuta mdomo ndipo akasema lililomleta.

"Mzee, binti yako ana kichwa. Anataka chuo cha uuguzi na ukunga."

"Chuo? Si yuko kidato cha pili?"

"Ndiyo maana nimekuja sasa. Wengine wanasubiri mpaka wamalize kidato cha nne ndipo waanze kuuliza habari za chuo, wanakuta nafasi zimeshapata watu. Naisula inabidi aanze leo. Ashike sayansi, azoee Kiingereza, na likizo akae hospitalini aone damu na aone wagonjwa, ajue kama moyo wake unaiweza kazi. Kuna sista mmoja wa hospitali kule Wasso nimeongea naye. Desemba hii atampokea."

"Desemba," Sakaya alisema.

Hapo machale yakamcheza. Kuna mtu anayepanda milima na ukungu kwa ajili ya mtoto wa mwenzake? Anayejua leo binti wa mtu atakuwa wapi miaka mitatu ijayo? Na kwa nini asiye baba yake hataki arudi nyumbani likizo, tena likizo hiyohiyo?

"Una mke, mwalimu?"

"Ninaye."

"Ng'ombe je?"

"Wawili wa maziwa."

Sakaya alimtazama kwa huruma na kwa hasira. Ng'ombe wawili! Akamwambia atafikiri, akamsindikiza mpaka njia ya lori, akasimama pale mpaka alipohakikisha ameondoka kweli.

Aliporudi, Naipanoi alikuwa anasuuza vikombe.

"Baba Naisula, yule mtu ameleta asali."

"Nimeiona."

"Na tumbaku. Ameketi ndani, ametaja binti. Na wewe umekunywa."

Sakaya aliketi, akaanza kulipanga jambo upya. Mwanamume amekuja bomani na asali na tumbaku, amezungumza habari za binti na miaka yake ijayo, na mwenye binti amekunywa vikombe viwili. Hata mtoto mchunga ndama angejua jambo hilo linaitwaje. Sakaya, ambaye hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia, alikuwa ameposewa binti mara ya pili chini ya paa lake mwenyewe, na mposaji ni Mwiraki mwenye ng'ombe wawili. Usiku huo hakula.

Siku ya pili yake alichukua asali iliyobaki, akadandia lori la viazi kwenda Karatu. Njia nzima alimhoji dereva kwa nini breki zinalia, na kwa nini hataki kusema. Alipofika mjini hakwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Alizunguka kwanza akiulizia habari zake: kwa fundi cherehani, kwa muuza ndizi, kwa mlinzi wa kanisa. Wote walimsifu. Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi, maana mtu asiyesemwa vibaya na yeyote lazima ana kitu anakificha.

Nyumbani kwa mwalimu alipokewa na mkewe, Cresensia, ana mtoto mchanga kifuani na unga mikononi. Alimkaribisha mzee kwa kicheko, akamletea kiti chenye mgongo, akamtuma jirani akamwite mwalimu shuleni, aje na Naisula. Sakaya alimtazama mwanamke yule akienda na kurudi. Hakuwa na sura ya mtu anayeletewa mke mwenza. Akaanza kujihisi mpumbavu kidogo, na kwa kuwa hakuizoea hali hiyo, alikunja uso zaidi.

Mwalimu aliingia na Naisula nyuma yake. Naisula aliinamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini kama desturi, kisha Sakaya akaiweka asali mezani.

"Mwalimu, chukua asali yako. Binti huyu ana mchumba."

Clemensi aliitazama asali, akamtazama mkewe, akamtazama mzee.

"Mchumba? Mzee wangu, ile ilikuwa zawadi tu ya mgeni. Mimi hata sikujua nikuletee nini. Nilimuuliza Naisula. Ndiye aliyeniambia baba anapenda asali na tumbaku, nisilete kingine, na nisiseme neno lolote mpaka uwe umekunywa."

Cresensia alishika mdomo. Sakaya aligeuka polepole. Binti yake alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa sketi ya shule, mikono nyuma. Alikuwa anaogopa, lakini hakuangalia chini.

"Papa, ni mimi," alisema kwa Kimasai. "Mwalimu hakujua kitu. Usimkasirikie."

"Wewe?"

"Mimi. Ulikula asali ya Tobiko nikiwa mgongoni kwa yeyo. Nikajua siku nikirudi likizo ya Desemba sitatoka tena. Nikataka nawe ule asali ya shule, ili milango iwe miwili, na mtu asijue aingilie upi."

"Tangu lini umeanza mambo haya?"

"Kidato cha kwanza. Nilianza kwenda kufua bendeji zahanati Jumamosi. Nikatazama walimu, nani anasema na kutenda, nani anasema tu. Niliwajaribu kwa vitu vidogo. Mwalimu Clemensi nilimtazama mwaka mzima kabla ya kumwambia nataka chuo. Kuanza mapema siyo kiburi, papa. Ninyi mliniwahi, mlianza kabla sijajua kutembea."

Miaka yote hii Sakaya alikuwa amekaa langoni akilinda boma lisiingiliwe, na mwenye hila alikuwa ndani, anakula kutoka chungu kimoja naye. Alikasirika kweli. Ila ndani ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomchanganya. Huyu mtoto alikagua watu meno na kwato. Alimtazama mtu mwaka mzima ndipo akamwamini. Kati ya watoto wake wote, wavulana waliokubali kila walichoambiwa, wakaibiwa mnadani kila mara, huyu ndiye aliyekuwa wake.

"Mbona hukuniomba?" aliuliza, na sauti ilimtoka chini kuliko alivyotaka.

"Ungekubali?"

Mwalimu na mkewe, wasioelewa Kimasai, walitazamana. Sakaya aliinama, akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema. "Nisingekubali."

Alirudi Nainokanoka na lori lilelile, na safari hii hakumuuliza dereva chochote. Alimkuta Naipanoi uani.

"Nani alimfundisha habari ya asali?"

"Mimi. Hata habari ya Desemba nilimpelekea mimi."

"Ulijua ulipokuwa unaitia kwenye chai?"

"Nilijua. Wewe ukaniambia tu nisimwage." Alinyanyuka, akasimama mbele yake. "Nipige kama unataka. Lakini mimi sikuulizwa, wala Tobiko alipoleta asali, wala alipokuja kutaja Desemba. Mtoto ni wangu pia."

Sakaya hakumpiga. Alikwenda akakaa na ng'ombe mpaka jua likazama, akiwa na uchungu ambao hakujua aupeleke wapi.

Habari hazikukaa. Ndani ya wiki Tobiko alikuwa amesikia kuwa kuna mwalimu aliyepeleka asali kwa Sakaya, akaitisha wazee wa rika lao. Walikaa asubuhi kwenye mteremko nje ya boma, mablanketi yamevutwa mpaka masikioni kwa baridi. Wake walisimama mbali kidogo, karibu na uzio wa mbuzi, na Naipanoi alikuwa miongoni mwao.

Sakaya alikuwa ameshaupima mzigo kila upande, kama alivyozoea kupima vya wengine. Akisema kweli, kwamba alilaghaiwa na mkewe na bintiye, asali ya pili haina uzito, ni mchezo wa wanawake. Binti atarudi kwa Tobiko, Desemba hiyohiyo, na Naipanoi atakabiliwa na wazee. Yeye mwenyewe watamcheka siku mbili halafu watamsamehe. Lakini akisema aliila akijua, asali inakuwa asali kweli. Hapo yeye ndiye atakuwa amemuuza rafiki yake, na Tobiko anavyojiheshimu, hatakubali mwanawe aoe kwenye nyumba ya mtu wa namna hiyo.

Tobiko alisimama. Hakuwa na hasira bado. Alionekana kama mtu anayetaka sana kusikia jibu moja na siyo lingine.

"Sakaya, ndugu yangu, tumetahiriwa siku moja. Nakufahamu. Wewe hulishwi kitu usichokijua. Wanasema huyo mwalimu alileta asali. Labda alikudanganya, labda wanawake wamefanya mambo yao. Sema tu hivyo na mimi nitakuwa wa kwanza kucheka. Ulijua au hukujua?"

Upande wa uzio Naipanoi alikuwa ameinamisha uso, anangoja kutajwa.

"Nilijua," Sakaya alisema.

Wazee wakaguna. Tobiko akasogea karibu.

"Sema tena."

"Nilijua ni asali ya nini. Nilikuwa nimekula yako, na nikaila ya mwalimu. Niliona chuo kina faida zaidi."

"Basi wewe ni mwongo."

Katika maisha yake yote Sakaya alikuwa amewaita watu neno hilo, madereva, wanunuzi, waganga, na hakuna aliyewahi kumrudishia. Lilimuuma kuliko alivyotarajia. Macho yalimlowa na hakuyafuta.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni mwongo."

Tobiko alitema mate chini, akasema mwanawe hawezi kuoa damu kama hiyo, na kwamba binti aende anakotaka. Wazee wakamtoza Sakaya mtamba na pombe ya asali ya kunywa rika zima. Alivitoa bila kubishana, na wengi walishangaa, maana hawakuwahi kumwona akitoa kitu bila kubishana.

Desemba Naisula alikwenda Wasso kwa sista. Januari aliingia kidato cha tatu, kisha cha nne, na miaka ilipotimia akaenda chuo, wakati wasichana wengine walikuwa bado wanauliza chuo kiko wapi. Siku moja baada ya hapo alirudi Nainokanoka kuzalisha, na mtoto wa kwanza aliyempokea pale alikuwa wa Lembris. Tobiko alikuja mpaka mlangoni mwa nyumba ya mkwewe, mke wa Lembris, akamshukuru Naisula kwa heshima zote, akampa mkono. Sakaya alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Tobiko alipita mbele yake kama anayepita mbele ya mtu asiyemfahamu, na Sakaya akamwacha apite.

Na mpaka leo Sakaya, mwongo wa kukiri mwenyewe, akienda kununua mbuzi, wenye mbuzi huwaita watoto wao wasimame karibu na kumtazama mikono.